Surua ya uchangani inaweza kukaa ubongoni miaka tisa? Shangazi anasema ni chanjo

#1 Mwana_Ngamiani

Wakuu, salaam. Nyumbani kumegawanyika, naomba wenye ujuzi wanisaidie.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko hapa Ngamiani, Tanga, darasa la nne. Mwaka jana alikuwa wa tatu darasani. Mwaka huu mwalimu akaita wazazi: mtoto haandiki, anadondosha kalamu, anamsahau jina hata mwenzake wa dawati moja. Tukadhani utundu, akachapwa. Baadaye ikaja ya kushtuka. Amekaa anakula, ghafla mwili unaruka, chai inamwagika, halafu anaendelea kula. Inajirudia hivyo hivyo, karibu kwa mpigo mmoja.

Tukampeleka Dar. Wakapima umeme wa ubongo, wakatoa maji ya uti wa mgongo. Daktari akasema kingamwili za surua ziko juu mno kwenye yale maji, na ugonjwa unaitwa SSPE, yaani ubongo unavimba polepole kwa surua ya zamani. Akamuuliza dada kama mtoto aliwahi kuugua surua akiwa mdogo. Dada akasema ndiyo, akiwa na miezi saba, ilipita ikakumba watoto kadhaa pale uani.

Sasa shangazi yetu hataki kusikia. Anasema surua gani hiyo ikae kichwani miaka tisa? Mtoto alichomwa sindano ya surua kliniki, basi sindano ndiyo iliyopanda kichwani. Na amewazuia wajukuu zake wasipelekwe. Mdogo wao ana miezi minane.

Naomba kujua: surua inakaaje ubongoni muda wote huo? Na chanjo ina mkono humu au haina?

#2 Kibaraza_cha_Ishirini

Pole sana mkuu kwa mtoto. Naweka mkeka hapa nisubiri wajuzi. Mimi surua niijuayo ni ya vipele, wiki mbili umepona. Hii ya kurudi baada ya miaka tisa ngeni kwangu.

#3 Mwakidudu

Mleta mada nijibu moja tu: akilala hiyo mishtuko inakuwepo?

#4 Mwana_Ngamiani

Hapana. Akilala anatulia kabisa.

#5 Mwakidudu

Basi nilijua. Ugonjwa wa hospitali haulali na mgonjwa akilala. Huyo ana kitu, na kitu chenyewe kinamchezea mchana. Bibi zetu waliita degedege, hili ni la ukubwani. Mtafutieni fundi anayeeleweka, wapo Mwambani, wapo Mkinga. Msije mkamaliza hela za mkonge Dar bure.

#6 Nesi_Mstaafu

Mwakidudu, swali lako la #3 daktari yeyote wa mishipa ya fahamu angeuliza hilo hilo. Jibu ndilo umelipeleka kusiko. Mishtuko ya ugonjwa huu hupungua au kupotea mtoto akilala, inajulikana hivyo.

Nimefanya chanjo vijiji vya Pangani tangu tunavuka na pantoni kwenda Bweni na kisanduku cha barafu begani, kwa hiyo surua nimeiona kwa macho, si kwa vitabu tu. Inaanza na homa, mafua, kikohozi, macho mekundu, ndipo vipele vinatoka usoni na nyuma ya masikio na kushuka. Wengi wanapona. Wako wanaokufa kwa nimonia au kuharisha. Na wako wachache sana ambao kirusi kinabaki ndani ya seli za ubongo. Mtoto anacheza, anaanza shule, hana dalili. Mara nyingi inachukua miaka 6 mpaka 10, halafu inaanza vile vile alivyoeleza mleta mada: masomo yanaanguka, tabia inabadilika, wazazi wanadhani ukaidi. Mishtuko inafuata. Wengi wa hawa waliugua surua kabla ya miaka miwili, na wavulana ni wengi kuliko wasichana.

Kuhusu sindano. Aliugua akiwa na miezi 7. Chanjo yetu ya kwanza ni miezi 9. Ilimkuta kirusi kimeshakaa, na chanjo haiwezi kukitoa kilichokwisha ingia ubongoni. Kukitoa haikuweza, na wala si yenyewe iliyokiweka.

Huyo wa miezi minane msimcheleweshe jamani.

#7 Hoja_Mezani

Nesi, heshima yako ipo. Ila hapa tulete hoja, tusiimbishwane.

Chanjo ya surua ni kirusi hai cha surua kilichopunguzwa makali. Ndiyo au siyo? Mtoto alipata vyote viwili, surua na chanjo. Kingamwili zilizokutwa ni za surua, hazina muhuri wa kiwanda. Mnajuaje kilichobaki kichwani ni kile cha uani na si kile cha kliniki?

Halafu yuko daktari Uingereza aliandika mwaka 1998 kuwa chanjo hii inaharibu ubongo wa watoto. Na ugonjwa wenyewe nimesoma unampata mtoto mmoja katika laki moja. Huyo mmoja akaangukie Ngamiani?

Shangazi ana swali la msingi kuliko mnavyomchukulia.

#8 Kibaraza_cha_Ishirini

Shangazi amepata wakili.

#9 Maabara_01

Hoja, nianze na la Uingereza maana ndilo jepesi. Huyo ni Andrew Wakefield. Aliandika juu ya watoto 12, na habari yake ilikuwa usonji na matumbo, si SSPE. Jarida la Lancet liliifuta makala ile mwaka 2010, na mwaka huo huo yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Tena alikuwa anazungumzia chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela kwa pamoja. Tanzania tunachoma surua na rubela tu, tangu 2014.

La kirusi hai ni kweli. Kilitolewa kwa mvulana aitwaye David Edmonston karibu na Boston mwaka 1954, na maabara ya John Enders, kikakuzwa kwenye seli kizazi baada ya kizazi mpaka kikalegea. Marekani wakatoa kibali cha chanjo ya kwanza mwaka 1963.

Sasa swali lako la muhuri. Kingamwili hazina, hapo uko sawa. Lakini kirusi chenyewe kinao. Virusi vya surua vimegawanywa kwa makundi ya vinasaba, na vya chanjo vyote viko kundi A. Watafiti wamechukua ubongo wa watoto waliokufa kwa SSPE, wakasoma vinasaba vya kirusi kilichomo. Wamekuta vya mtaani, tena vinavyolingana na vilivyokuwa vinazunguka miaka ile mtoto alipokuwa mchanga. Walikuwemo hata watoto ambao wazazi walisema hawajawahi kuugua surua, wamechanjwa tu. Nao ndani wakakutwa na cha mtaani. Cha chanjo hakijapatikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa SSPE.

Hiyo ya mmoja kwa laki ni hesabu ya zamani. Nitarudi, nimeitwa.

#10 Chatu_wa_Mlalo

Naingilia kutoka Lushoto. Mbona hakuna aliyetaja usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaoletwa na vijiinzi vya mtoni? Milima yetu ya Usambara ni eneo la usubi toka zamani, vidonge tunapimiwa kwa kijiti cha urefu kila mwaka. Na kule Mahenge kuna watoto wanatikisa kichwa kama wanasinzia, wakiona chakula wanaanza. Kuna mama daktari Mnorwe, Louise Jilek-Aall, aliwatibu miaka ya 1960 na kuwaandika. Masomo yanaanguka, mwili unadumaa, kifafa kinafuata. Mbona inafanana na ya mtoto huyu? Baba yake katoka wapi? Kama aliishi Amani au Bumbuli muulizeni habari za mtoni.

#11 Mwana_Ngamiani

Chatu, shemeji yangu ni mtu wa Bumbuli kweli, na likizo mtoto huwa anakwenda. Sasa umenichanganya.

#12 Maabara_01

Chatu umegusa penyewe, ila angalia tofauti. Wale wa Mahenge kichwa kinaanguka mbele na kuinuka, ni kichwa. Huyu anaruka mwili mzima na kwa mpigo. Kipimo cha umeme wa ubongo cha SSPE kina mchoro wake: mawimbi makubwa yanayojirudia kila baada ya sekunde chache, pamoja na mishtuko. Na juu yake kuna kingamwili za surua kwenye maji ya uti wa mgongo. Usubi hauleti hizo.

Lakini nikupe na kilicho chako. Ugonjwa ule wa kutikisa kichwa ulipozuka kaskazini mwa Uganda, surua ni miongoni mwa vitu wachunguzi walivyovishuku, kwa sababu hii hii ya kufanana. Hawakuipata. Usubi ndio uliokuwa unajitokeza mara nyingi walipopima.

#13 Chatu_wa_Mlalo

Kwa hiyo wanaweza kukutana vyote viwili kwa mtoto mmoja. Mimi ningepima usubi. Kupima ngozi hakuui.

#14 mamaZuhra

Pole kaka. Mimi mwanangu wa kwanza alipata surua akiwa na miaka minne, tulikuwa tunahamahama, dozi zikapita. Siku vipele vinaanza kufifia ndipo akapandisha homa tena, akazimia, degedege mfululizo. Amepona lakini sikio la kulia halisikii na shuleni anachelewa. Nimesoma uzi huu tumbo linaniuma. Ina maana na yeye baadaye itamrudia hii SSPE?

#15 Nesi_Mstaafu

mamaZuhra, tulia mama. Yako ni nyingine. Surua inaweza kuvimbisha ubongo wakati ule ule wa vipele au siku chache baadaye. Hiyo humpata takriban mtoto 1 kati ya 1,000 wanaougua surua, na uziwi ni katika alama inazoacha. Ya pili huwapata wenye kinga dhaifu sana, baada ya miezi. Ya tatu ndiyo hii ya mpwa wa mleta mada, ya miaka. Kupata ya kwanza si tiketi ya kupata ya tatu. Na wako aliugua na miaka minne, hatari kubwa ni kwa wachanga.

Sikio limepimwa? Kama bado, mpeleke. Mtoto asiyesikia upande mmoja akiketishwa nyuma darasani anaonekana mzito kumbe hasikii.

#16 mamaZuhra

Hajapimwa. Nitakwenda. Ahsante.

#17 Maabara_01

Nimerudi. Hesabu.

California ilipata mlipuko mkubwa wa surua mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 1991. Miaka ikapita, watafiti wakarudi kutafuta waliopata SSPE, wakatoa majibu 2017. Kwa walioambukizwa kabla ya miaka mitano, mmoja kati ya 1,367. Kwa walioambukizwa kabla ya mwaka mmoja, mmoja kati ya 609. Ujerumani nao walipata mmoja kati ya 1,700 hadi 3,300 kwa walio chini ya miaka mitano. Hoja, hiyo laki moja yako ilichanganya kila aliyeugua surua wakiwemo wakubwa, na kesi nyingi hazikuandikwa.

Na Septemba 2025 idara ya afya ya Los Angeles ilitangaza kifo cha mtoto wa shule kwa SSPE. Aliugua surua mchanga, kabla ya kufikisha umri wa kuchanjwa. Ni hadithi ya mpwa wa mleta mada, bahari nyingine tu.

#18 Hoja_Mezani

Utafiti wa California una wagonjwa 17, nimeutafuta. Kumi na saba! Ukikosea wawili hesabu yote inayumba. Na California si Tanga.

Lakini sawa, tuchukue mmoja kati ya 609. Hapo mmejifunga wenyewe. Hatari kubwa ni kabla ya mwaka mmoja, chanjo yenu ni miezi 9. Kuanzia mimba mpaka miezi 9 mtoto hana sindano. Sasa chanjo inamlinda nani na huu ugonjwa?

#19 Kibaraza_cha_Ishirini

Hii ya #18 nimeielewa hata mimi ambaye sikufika form two. Nesi njoo.

#20 Nesi_Mstaafu

Inamlinda mchanga kwa kumchanja kaka yake.

Mtoto anazaliwa na kinga ya mama. Kinga hiyo hiyo ndiyo inayoua chanjo ukiwahi mno. Ukichoma kwa miezi 9 inashika kwa watoto kama 85 katika 100, ukingoja mwaka inashika zaidi ya 90, lakini kungoja mahali surua inazunguka ni kumwacha wazi miezi mitatu. Ndiyo maana nchi zisizo na surua nyingi wanaanza miezi 12, sisi tumeanza 9, na dozi ya pili mwaka na nusu iliongezwa 2014 kuwapata wale ambao ya kwanza haikushika. Ukiwa na mlipuko, inaruhusiwa kuchoma kuanzia miezi 6, na hiyo haihesabiwi, atapata zake mbili kama kawaida.

Lakini mchanga wa miezi saba hajiambukizi. Analetewa. Surua mgonjwa mmoja asiyezuiwa anaambukiza watu 12 mpaka 18, na hewa ya chumba alichokuwemo inabaki na kirusi hata saa mbili baada ya yeye kutoka. Ua la Ngamiani lenye vyumba sita na choo kimoja, mmoja akiingia nayo kutoka madrasa, nani atapona? Kwa hiyo ndiyo wanasema watoto 95 katika 100 wachanjwe, si kwa ajili yao tu.

#21 Boda_Makorora

nesi umepiga hapo hapo. ua letu sisi mtoto mmoja akikohoa wanakohoa mpaka kuku

#22 Maabara_01

Naongeza jambo ambalo Hoja hajalisema na angeweza. Mama aliyeugua surua utotoni anampa mtoto kinga nyingi kuliko mama aliyechanjwa. Kwa hiyo watoto wa sasa kinga ya mama inawaisha mapema kuliko watoto wa miaka ya 1970. Lile pengo kabla ya miezi 9 limekuwa refu. Hilo liko wazi, halina siri.

#23 Hoja_Mezani

Nakushukuru kwa ukweli. Basi chanjo imewaacha wachanga wazi, halafu inajisifu kuwalinda. Mtu akiuliza anaitwa mshamba.

#24 Maabara_01

Hakuna aliyekuita mshamba. Lakini angalia kilichotokea. Marekani walianza kuandikisha wagonjwa wa SSPE mwaka 1969. Surua ilishuka baada ya chanjo, SSPE nayo ikashuka, ila ikachelewa kwa miaka, kwa sababu waliokuwa wanaugua SSPE mwaka huu ni wale walioambukizwa surua miaka saba au nane nyuma. Kama chanjo ndiyo ingekuwa inapanda kichwani, watoto mamilioni wakichanjwa kila mwaka, SSPE ingepanda. Ilifanya kinyume, mpaka ikawa daktari anaweza kustaafu bila kuiona. Papua New Guinea, ambako surua imekuwa ikirudi tena na tena na kuwapata wachanga, ni miongoni mwa sehemu zenye SSPE nyingi kabisa duniani.

#25 Hoja_Mezani

Marekani miaka hiyo hiyo walipata maji safi, chakula, nyumba kubwa. Surua ya mtoto aliyeshiba si surua ya mtoto mwenye njaa.

#26 Nesi_Mstaafu

Kufa kwa surua, ndiyo, chakula kina kazi kubwa. Kuambukizwa, hapana. Kabla ya 1963 watoto wa Marekani wenye nyumba kubwa na friji waliugua surua karibu wote.

#27 Bibi_Msambweni

Wanangu nawasoma tu kwa simu ya mjukuu. Kina nyie surua mnaisoma, sisi tuliilaza vitandani. Mtoto akishikwa anawekwa chumba cha giza, mlango unatundikwa kanga, anaogeshwa maji ya mwarobaini, anapewa dafu ili vipele vitoke nje. Visipotoka tunasema imeingia ndani, na hapo ndipo mama anaanza kulia. Nyama hapewi, samaki hapewi, mpaka siku saba. Mdogo wangu wa kufuatana naye ilimwacha na jicho moja jeupe.

Hii ya miaka tisa hainishangazi. Moto wa makumbi juu unauona majivu, chini unakula. Wazee walijua kuwa surua ina ndani na nje.

#28 Kibaraza_cha_Ishirini

Shikamoo bibi. Kumbe bibi ndiye aliyegundua SSPE, wazungu wamechukua tu.

#29 Bibi_Msambweni

Marahaba. Cheka tu mwanangu, meno unayo.

#30 Nesi_Mstaafu

Bibi, shikamoo. Dafu zuri, giza halimdhuru kwa kuwa macho yanauma, mwarobaini nje ya ngozi sina ugomvi nao. Ila kumnyima samaki na mboga ndiko kulikochukua macho. Surua inakausha vitamini A mwilini, na mtoto aliyekuwa nayo kidogo anaweza kupofuka. Hospitali ya Mvumi kule Dodoma walijaribu kuwapa watoto wenye surua vitamini A, majibu yakatoka 1987: katika waliopewa walikufa 6 kati ya 88, wasiopewa walikufa 12 kati ya 92. Ni watoto 180 tu na Hoja atasema ni wachache, lakini kwingine walirudia na sasa ni kawaida: mwenye surua anapewa leo na kesho, uniti 200,000 aliyefikisha mwaka, 100,000 wa miezi 6 mpaka 11, 50,000 aliye chini ya hapo. Hupewa hospitali, msiwape nyumbani kwa kubahatisha.

Vitamini hii inaokoa macho na maisha. Kusema inazuia SSPE, sijasema.

#31 Mwanafunzi_Afya

Samahani wakubwa, naona swali la kwanza la mleta mada halijajibiwa vizuri: kirusi kinakaaje? Sisi tulifundishwa kwamba kirusi cha surua kina protini inaitwa M, kazi yake kukusanya vipande na kukitoa kirusi nje ya seli. Kwenye ubongo wa SSPE vinasaba vya M vimeharibika kabisa. Kirusi kinashindwa kutoka, kwa hiyo kinga haikioni, kinapita polepole kutoka neva moja hadi nyingine bila kutoka nje.

#32 Maabara_01

Vizuri, na protini F inayounganisha seli nayo inabadilika ikawa na nguvu ya kupita kwenye neva. Lakini hiyo inaeleza kirusi kinavyoishi kikishaingia. Haielezi kwa nini kwa huyu na si kwa wenzake wa uani. Wako wanaosema ni kinga ya mchanga kuwa haijakomaa, inaua virusi vya mwilini na kuacha vya ubongoni. Wako wanaosema mabaki ya kingamwili za mama yanakizuia nusu nusu, kinajificha. Wako wanaotafuta kwenye vinasaba vya mtoto mwenyewe. Wavulana kwa nini zaidi? Kila mtu ana jibu lake.

#33 Mwakidudu

Kwa hiyo hospitali hawajui kwa nini kimemchagua huyu. Mimi nimeshasema kwa nini.

#34 Mwanafunzi_Afya

😂😂

#35 Chatu_wa_Mlalo

Au mwili ulikuwa na minyoo na usubi, kinga imechoka, surua ikapata nafasi.

#36 Mwana_Ngamiani

Wakuu, dawa je? Daktari wa Dar alisema mambo mengi, dada analia tu, mimi sikushika.

#37 Nesi_Mstaafu

Nitakwambia bila kuzunguka, na pole. Dawa ya kuifuta haipo. Ipo inaitwa isoprinosini, na interferoni inayowekwa kwenye nafasi za maji ya ubongo, kwa baadhi ya watoto zimechelewesha au kutuliza kwa muda, wengine hazikusaidia. Dawa za kifafa kama valproeti na kabamazepini zinapunguza mishtuko, na hilo si dogo, mtoto anakula bila kumwagikiwa na hajichomi. Wengi hawazidi miaka mitatu tangu dalili, wachache huenda zaidi au husimama.

Kazi kubwa ni ya nyumbani: kumlisha akiwa amekaa wima, kumgeuza asipate vidonda, kumnyoosha viungo visikakamae. Muwe na zamu, dada asibaki peke yake. Mkienda kwa fundi wa Mwakidudu ni hiari yenu, lakini vidonge vya mishtuko visikatwe hata siku moja, na asifukizwe moshi wala kupewa cha kunywa, anaweza kukabwa.

#38 Mwakidudu

Wangu hafukizi. Anasoma tu na maji. Nesi tumekubaliana kwa mara ya kwanza.

#39 Mwana_Ngamiani

Ahsante nesi. Tutapanga zamu.

Nimepata kadi yake ya kliniki, ilikuwa Pongwe kwa mama mzazi wa shemeji. Surua-rubela ya kwanza amechomwa, miezi 9 na siku kadhaa. Ya pili haipo. Ile surua ya miezi saba haijaandikwa popote, hawakumpeleka hospitali. Shangazi ameshika kadi anasema: sindano hii hapa imeandikwa, surua yenu iko wapi?

#40 Hoja_Mezani

Na hapo ndipo penye kesi. Karatasi ina sindano, haina surua.

#41 Maabara_01

Kadi haiandiki ugonjwa uliotibiwa kwa dafu. Waliokuwa uani ule wapo, waulizwe. Na hata kama hakuna aliyeona vipele, rudi #9, wapo watoto ambao surua yao haikujulikana na kirusi cha mtaani kikakutwa.

#42 Hoja_Mezani

Kwenye ubongo wa wale. Wa huyu hamjausoma, na Mungu aepushe msiusome.

#43 Bibi_Msambweni

Wewe Mwana Ngamiani, huyo shangazi yako ni yule wa Barabara ya 14 auzaye vitumbua, mrefu mweupe? Nimekaa naye chuoni kwa maalimu mmoja. Surua aliugua yeye, nikamuona na mwarobaini kichwani. Mwambie Bi Mkubwa wa Msambweni anakuja Ijumaa baada ya swala, na asinipikie, nina sukari.

#44 Mwana_Ngamiani

😅 Ndiye huyo huyo bibi. Nitamwambia.

#45 Boda_Makorora

nesi swali nje ya mada kidogo. wangu ana miezi 10, wife amekwenda zahanati moja wakamwambia arudi alhamisi, sindano ya surua siku hiyo tu. alhamisi mvua, hakwenda. kwa nini wasichome siku yoyote kama zile za mapajani?

#46 Nesi_Mstaafu

Kwa sababu ya kichupa. Surua-rubela inakuja unga, unachanganywa na maji yake, na kichupa kimoja kina dozi za watoto kadhaa. Kikishachanganywa kina saa 6 tu, baada ya hapo ni kumwaga hata kama kimechoma mtoto mmoja. Wahudumu wanaogopa kumwaga, wanakusanya watoto siku moja. Maelekezo ni kufungua hata kwa mmoja, lakini anayejibu hesabu za stoo ni yule yule mhudumu. Mrudishe siku yoyote, amwombe kwa upole, hata akifika miezi 11 atachomwa, haanzi upya.

#47 Hoja_Mezani

Hapa nakubaliana na nesi asilimia mia. Walete vichupa vidogo. Kumrudisha mama mwenye mtoto mgongoni halafu kusema watu wa Tanga hawapendi chanjo ni uonevu.

#48 Kibaraza_cha_Ishirini

Iandikwe: Hoja amekubali kitu.

#49 Chatu_wa_Mlalo

Na kipimo cha usubi? Naona kila mtu amenipita.